Upole wa Lokwawi

Mwaka ule wa tisini na nane, baada ya mvua kubwa kubomoa madaraja na kumaliza mbuzi, hakuna mwanamke Kakuma aliyesifiwa kama Abei. Walimsifu kisimani, walimsifu kanisani, na wanawake wa Kisudani aliowapelekea makaa kambini walimsifu kwa lugha asiyoijua, ila sifa haihitaji mkalimani. "Ndugu yako amepoa," waliosema Kiturkana walimwambia. "Umemlea tena mpaka amekuwa mtu." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Abei hata bila kusifiwa alikuwa mtu wa kutembea shingo juu. Sifa hizo alizipokea zote, wala hakurudisha hata moja.

Haki alikuwa nayo. Kaka yake Lokwawi alipatwa na ugonjwa wa akili akiwa na miaka ishirini na miwili. Madaktari waliuita skizofrenia. Nyumbani hawakuwa na haja ya jina refu hivyo. Lokwawi alisikia watu wasioonekana wakimtuma: aende Lokichoggio kwa miguu, avunje ua wa jirani, asile chakula cha mama yake. Siku hizo walihitajika wanaume wanne kumshika, na wawili kati yao walirudi kwao wakichechemea. Abei ndiye aliyemfuata porini na kibuyu cha maji. Abei ndiye aliyempeleka kuchomwa sindano kila mwezi, na mjomba wao alipokuja na mnyororo akitaka kumfunga mtini, ni Abei aliyemrudisha mjomba na mnyororo wake. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili.

Sasa Lokwawi alikuwa mpole. Alikaa kivulini tangu asubuhi, hatoroki, hapigi mtu. Akipewa chakula alikula nusu na kurudisha bakuli. Mafua yakipita mtaani yalianzia kwake na kuishia kwake. Kidonda cha mwiba alichokipata mguuni kabla ya mvua kilikuwa bado kibichi. Akitaka kuinuka alishika goti kwanza, halafu ukuta, halafu akapumzika kana kwamba amemaliza kazi. Hayo yote waliyaona, na yote wakayaita kupona. Si zilikuwa nguvu zake zilizokuwa zikibeba wazimu? Basi nguvu zikipungua, na wazimu nao unaondoka. Mama yao alichinja mbuzi wa shukrani, wakala, wakamsifu Mungu.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulitokea kisimani.

*

Mto Tarach ulikuwa umekauka tena, na watu wakawa wanachimba maji mchangani. Visima vya huko si vya kamba na ndoo. Mtu mmoja hushuka chini kabisa na kuchota kwa bakuli, wa pili husimama juu yake kwenye kidato kilichochimbwa ukutani, wa tatu juu ya wa pili, na bakuli hupokezanwa hadi juu kwenye birika la mifugo. Wa chini ndiye mwenye kazi. Zamani, kabla ya ugonjwa, wa chini alikuwa Lokwawi, na visima alivyochimba vilimeza watu wanne waliosimama mmoja juu ya mwenzake.

Asubuhi hiyo aliyezoea kushuka alikuwa amekwenda Lokichoggio. Wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akasema, kwa utani tu, "Angekuwepo Lokwawi wa zamani, mbuzi wangekuwa wameshakunywa."

"Wa zamani ndiye huyu wa sasa," Abei akajibu. Alimgeukia kaka yake aliyekuwa amekaa ukingoni. "Shuka uwaonyeshe."

"Nishuke?"

"Wewe si mwenye kisima?"

Lokwawi alishuka. Bakuli la kwanza likapanda, la pili likapanda, na Abei akatazama watu usoni, mmoja mmoja, kama anayekusanya kodi. Bakuli la tatu lilipanda nusu. La nne halikupanda.

"Lokwawi! Maji!"

Sauti ndogo ikatoka chini: "Mikono imekataa."

Walimtoa kwa kamba ya kufungia mbuzi, wameipitisha chini ya makwapa yake, wanaume watatu wakivuta. Alitoka amelowa, amejaa mchanga mdomoni, miguu ikitetemeka. Kijana mmoja akacheka, na kicheko kikashika wengine. Mwanamke mgeni aliyekuwa akipita na punda akasimama kuuliza, kwa huruma kabisa, "Mbona mnamshusha mzee kisimani? Huyo baba yenu ana miaka mingapi?"

"Thelathini na minne," Abei alisema.

Yule mwanamke akacheka, akidhani ametaniwa. Abei aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kwanza alimwonea aibu Lokwawi, na kwa hilo hakuja kujisamehe upesi.

*

Siku ya tatu Lokwawi alikuwa na homa na kikohozi kilichomkunja. Abei alimfikisha zahanati ya kambini akimshika kiunoni, mwendo wa nusu saa wakautumia saa mbili. Mhudumu wa dirisha la sindano alitazama kadi.

"Huyu sindano yake bado. Rudi tarehe ishirini."

"Sio sindano. Ni kifua naumwa."

"Kifua ni laini ile ingine."

Katika foleni ile nyingine walisubiri mpaka jua likasimama utosini. Mhudumu wa huko naye akaitazama kadi. "Lakini huyu ni wa akili, mama. Wa akili ni dirisha ile."

"Mimi natoka dirisha ile."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Abei alikuwa na majibu matatu, yote ya kumfukuzisha mtu hospitalini. Kabla hajachagua moja, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi alitokea nyuma ya pazia. Alikuwa Firmin, mkimbizi kutoka Kongo. Kwao Bukavu alikuwa muuguzi kamili. Hapa kambini alilipwa posho ya kununulia sabuni, lakini miwani yake iliona.

"Mama, miaka yake ngapi?"

"Thelathini na nne. Na usicheke."

Firmin hakucheka. Alimkalisha Lokwawi kwenye benchi. "Papa, simama bila kushika kitu. Halafu ikala. Mara tano."

Lokwawi alisimama mara moja. Mara ya pili alifika katikati, akarudi chini.

"Muzuri. Sasa finya mukono yangu. Finya sana."

Wakasubiri.

"Nimefinya," Lokwawi alisema.

Firmin aliutazama mkono wake, akaandika kitu, akaweka sikio la mpira kwenye kifua cha Lokwawi na kusikiliza muda mrefu. Alipomaliza alimvuta Abei pembeni. "Mama, sikiliza. Kule Bukavu nilitumika miaka munane kwa nyumba ya bagonjwa ba akili. Niliona kitu. Hawa batu, mwili yabo inazeeka mbele ya wakati. Huyu iko na makumi tatu na ine, lakini mwili iko ya mzee wa makumi sita. Na baaskari ba mwili, bale banapiganaka na magonjwa, banachoka mapema. Kikohozi yenye kwa mwingine inapita, kwake inabakia na kujenga nyumba."

"Ni sindano ndio namaliza yeye?"

"Sindano usiache! Ukiacha, kichwa itaharibika tena, na mwili haitapona. Shida ni batu. Banaangalia kichwa tu. Kichwa ikinyamaza, banasema, aa, amepona. Mwili, hakuna mwenye anauliza."

Abei alitamani ardhi ipasuke immeze. Mbuzi wa shukrani alimkwama kooni, ijapokuwa aliliwa tangu mwezi wa tatu. Mwaka mzima ndugu yake alikuwa akidhoofika mbele ya macho yake, naye alikuwa akipokea pongezi.

Firmin aliandika barua ya kurasa mbili. "Picha ya kifua iko Lodwar. Kesho, mama. Usingoje kesho kutwa."

*

Kabla ya safari mama yao alitoa udongo mweupe, emunyen, akauponda na maji kwenye kifuniko cha sufuria. Alimpaka mwanawe kwenye paji la uso, kifuani, mabegani na mikononi, polepole, akimwombea maneno ambayo mama huomba. Ndivyo Mturkana anavyotumwa kwenda kutafuta uhai, hatumwi mtupu. Kipande kilichobaki alikifunga kwenye pindo la shuka la Abei. "Njia ni ndefu," alisema. "Kikitoka, mpake tena."

Lori lilikuwa la Zubeyr, Msomali aliyeleta sukari Kakuma na kurudi Lodwar nusu tupu. Nauli walipatana magunia mawili ya makaa. Zubeyr alimwona Lokwawi, akarudisha mguu chini.

"Wallahi, huyu najua. Huyu alivunja kioo ya gari ya rafiki yangu Sheikhdon. Lazima tafunga yeye kamba."

"Hiyo ni miaka saba imepita," Abei alisema. "Leo yeye hapana weza vunja biskuti. Wewe nafunga yeye, mimi nashusha makaa yangu, natembea."

"Kilomita mia na ishirini utatembea?"

"Nimeshaanza," Abei alisema, akalishika gunia la kwanza.

Zubeyr alitazama jua, akatazama gunia, akatazama mwanamke. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua bei isiyoshuka akiiona. "Panda, dada yangu. Bila kamba. Lakini akianza, mimi sipo."

Lokwawi hakuanza. Alilala juu ya magunia matupu, kichwa mapajani pa dada yake, akikohoa kila gari liliporuka shimo. Abei alimwekea kivuli kwa shuka mpaka mikono ikafa ganzi.

*

Hospitali waliyoelekezwa Lodwar ilikuwa ya misheni, upande wa mtoni, na veranda yake ilikuwa na mabenchi manne yaliyojaa watu. Muuguzi wa dawatini alikuwa amefika kutoka nyanda za baridi wiki sita tu zilizopita, na joto lilikuwa bado halijamsamehe. Aliifungua barua ya Firmin, akasoma mstari wa kwanza, ambao ulitaja ugonjwa wa akili. Akainua macho, akamwona Lokwawi alivyopakwa. Barua akaikunja.

"Huyu ni wa kliniki ya akili. Ni Alhamisi. Leo ni Jumatatu."

"Sista, soma barua yote. Ni kifua."

"Nimeona. Na mbona mmemwacha ajipake matope namna hii? Mtu anajipaka matope halafu mnaniambia ni kifua?"

"Si yeye najipaka. Mama yetu ndio napaka yeye."

"Basi na mama yenu mlete Alhamisi."

Watu wachache wa benchi la mbele, wafanyakazi wa ofisi, wakacheka. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na akaona anafanya wema. "Bomba liko pale. Mwoshe kwanza awe kama mtu, ndipo tutaona."

Bomba lilikuwa hatua kumi tu, na Abei aliyajua mambo mawili kwa hakika. La kwanza, Lokwawi hangefika Alhamisi. Kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi. La pili, akimwosha, huenda wakapokewa saa hiyo hiyo. Ingekuwa rahisi kabisa. Lakini angekuwa amekubali mbele ya watu wote kwamba baraka ya mama yake ni uchafu wa kichaa, na baada ya hapo kila neno atakalosema juu ya kifua litakuwa neno la ndugu wa kichaa.

"Nioshe tu," Lokwawi alinong'ona kwa Kiturkana. "Nimechoka."

Hapo ndipo machozi yalipotaka kumtoka Abei, akayakatalia. Alikwenda bombani. Muuguzi akamtazama, ameridhika. Abei alifungua pindo la shuka, akatoa kile kipande cha udongo, akakilowanisha kiganjani, akajipaka paji la uso, mashavu yote mawili na kifua mpaka kwenye shanga. Akarudi akaketi karibu na kaka yake, mgongo wima.

"Sista, sasa andika watu wawili," alisema. "Wote nakufa hapa kwa benchi yako mpaka Alhamisi."

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja Mturkana wa benchi la tatu aliinuka kwa mkongojo, akachovya kidole kiganjani mwa Abei, akajipaka usoni. "Na mimi," alisema. Mama mwenye mtoto mgongoni akamleta mtoto wake apakwe. Mwanamume aliyevunjika mkono akaleta ule mzima. Hakuna aliyepaza sauti wala kutukana. Walichovya, wakapaka, wakarudi kuketi kwa zamu yao. Daktari alipofungua mlango kuita mgonjwa mwingine, benchi la tatu lote lilikuwa jeupe, na muuguzi wa dawatini ameshika kalamu asijue aandike nini.

"Hapa kuna nini?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke kijana wa Kimeru, mikono ya koti imekunjwa.

"Kuna mgonjwa ya kifua," Abei alisema, "na barua ya kurasa mbili. Imesomwa mstari moja."

Daktari aliichukua barua. Aliisoma akiwa amesimama palepale, ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, midomo ikicheza. Alichuchumaa mbele ya Lokwawi.

"Hii ya kifuani imewekwa na mama?"

Lokwawi akaitikia kwa kichwa.

"Naomba nipanguse mahali pa kuweka kipimo tu. Kadogo." Alipangusa mahali pa ukubwa wa shilingi, akasikiliza. Akapangusa pengine, akasikiliza. Alipoinuka hakuwa akimwangalia tena mtu yeyote mwingine. "Leteni machela. Nimonia, pande zote mbili. Wodi ya kawaida, si ya kufungwa. Alhamisi mngeniletea maiti."

Muuguzi wa dawatini ndiye aliyeleta machela. Aliisukuma yeye mwenyewe, mbio, na Abei akaliona hilo, akamhesabia kama wema.

*

Siku tatu Lokwawi alikuwa wa huku na huku, kati ya kufa na kupona. Siku ya nne homa ilishuka, shuka likalowa jasho, akaomba uji. Daktari alimweleza Abei mambo bila haraka. Sindano ya kila mwezi iendelee. Kifua kikaguliwe kila akikohoa wiki moja, kidonda kioshwe na kufungwa mpaka kipone kweli. Apewe maziwa, maharagwe, nyama ikipatikana, na atembee kila siku hata kama ni mpaka mlangoni na kurudi, kwa sababu mwili usiotumwa husahau kazi.

"Atarudi kuwa kama zamani?"

"Kama wa miaka ishirini na miwili, hapana. Lakini uzee huu si wake, mama. Tunaweza kumpunguzia."

"Na kisima?"

"Kisima mwachie mwingine kwanza."

Abei alirudi kitandani, akamrekebishia kaka yake shuka. Halafu akasema, "Nilikushusha kisimani ili watu wanione mimi."

"Nilijua," Lokwawi alisema.

"Mbona ulishuka?"

Lokwawi alifikiri. "Na mimi nilitaka wanione."

Abei akacheka, halafu akalia, na safari hii hakujizuia. Ndugu wawili wenye kiburi cha namna moja, na karibu kiwaue. Lakini moyoni hakutaka wapoteze hata chembe yake. Kiburi hicho ndicho kilichomfukuza mjomba na mnyororo wake.

Wodi yenyewe ilikuwa imemkwepa Lokwawi. Habari za dawatini zilifika kabla ya machela, na wagonjwa walisogeza vitanda vyao mbali, kidogo kidogo, wakijifanya wanafuata upepo. Hakusogea mmoja tu, mzee Aregae, mvuvi wa Kataboi aliyelazwa kwa mguu. Siku ya sita, saa za kugawa chai, mzee huyo alijiinua kwa kiwiko na kumwuliza Lokwawi swali ambalo mwanamume wa Kiturkana humwuliza mwanamume mwenzake anapotaka kumjua, kwani kila mmoja ana maksai wake anayemwimba.

"Ng'ombe wako ni yupi?"

Abei aliacha kumimina chai. Kwa miaka kumi na miwili watu walikuwa wamemwuliza Lokwawi kama amekula, kama amelala, kama anasikia sauti. Hili hakuna aliyemwuliza.

Lokwawi alitazama dari. Halafu aliinua mkono mmoja juu ya kichwa, akaukunja kama pembe, na kuanza kumwimba maksai wake.

*Madoa ya kifuani, wa Kalobeyei,*
*pembe moja yasalimu mlima,*
*pembe moja yaita mvua...*

Sauti ilikuwa nyembamba, ikakatika mstari wa tatu kwa kikohozi. Wodi nzima ikageuka. Muuguzi mmoja akaja mbio kutoka mlangoni, akiita nyuma yake, "Ameanza! Yule wa akili ameanza!"

Abei alikuwa ameshasimama, maneno yamejaa mdomoni. Hayakuhitajika.

"Wewe binti, ngoja," mzee Aregae alimwambia muuguzi, ameinua kiganja. "Huyu hapana anza kitu. Huyu ni mwanaume, nataja ng'ombe yake. Acha amalize."

Kutoka kitanda cha dirishani mtu akaanza kupiga makofi ya mdundo, taratibu. Wa pili akamfuata, halafu kitanda cha tatu, kile kilichosogezwa mbali kuliko vyote. Muuguzi alibaki amesimama, mikono mitupu. Abei aliketi, akanyoosha shingo yake, na kupiga makofi pamoja nao.

Lokwawi alingoja kifua kitulie. Akavuta pumzi, akainua mkono tena, na kuanza upya kutoka mwanzo.